Rais mwenye duka na tivii: tuangalie yaliyomkuta Ravalomanana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hii hoja ya "tupeni rais mfanyabiashara" nakutana nayo kila nikipanda daladala na kila nikikaa na wenzangu sokoni, watu wanasema wanasiasa wametuchosha, apatikane mtu anayejua hesabu, mtu aliyewahi kulipa mishahara kwa hela yake mwenyewe, aiendeshe nchi kama anavyoendesha kampuni yake na mambo yatanyooka. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, nauza mafuta ya kula, mchele na unga kwa jumla hapa Kariakoo, kwahiyo ningetakiwa niwe wa kwanza kushangilia. Sishangilii, na sababu yangu iko hapo ng'ambo ya bahari tu, Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini na ambacho magazeti yetu yanakikumbuka pale tu serikali inapopinduliwa.

Huko kulikuwa na rais anaitwa Marc Ravalomanana, na nikisema mfanyabiashara simaanishi mtu mwenye hisa mbili tatu mahali. Kazaliwa 1949 kijiji cha Imerinkasinina karibu na Antananarivo, mji mkuu, kaanza kwa kuuza mtindi wa kutengeneza nyumbani, anaupakia kwenye baiskeli anazungusha, baadae akapata mkopo wa Benki ya Dunia akisaidiwa na watu wa kanisa lake, akajenga kiwanda, na hicho kiwanda ndio kikawa Tiko, kampuni kubwa kuliko zote za wazawa kisiwani. Maziwa Tiko, siagi Tiko, jibini Tiko, juisi Tiko, mafuta ya kula Tiko. Halafu kuna maghala ya jumla ya Magro, halafu redio na tivii yake inaitwa MBS. Mwaka 1999 akagombea umeya wa Antananarivo akapata, jiji likasafishwa, watu wakaona huyu kweli anafanya kazi, na Desemba 2001 akamvaa Didier Ratsiraka, admirali aliyekuwa ameishika nchi tangu 1975 ukitoa miaka michache ya katikati. Kampeni yake haikuwa ya kawaida kule, anatua na helikopta, wasambazaji wa Tiko tayari wanajulikana mikoani, na tivii yake mwenyewe inamwonyesha. Matokeo yakagombaniwa nusu mwaka nzima, watu wa Ratsiraka wakafunga barabara zinazoingia mji mkuu na kulipua madaraja, mpaka Julai 2002 mzee akakimbilia Ufaransa na Ravalomanana akakaa kwenye kiti.

Nataka niwe mkweli, huyu bwana alifanya kazi. Alifuta ada ya shule za msingi na watoto wakajaa madarasani, barabara zikajengwa ambazo wakulima walikuwa wanazisubiri tangu enzi za mkoloni, madeni ya nje yakasamehewa, na 2005 Madagaska ikawa nchi ya kwanza duniani kusaini mkataba na lile shirika la misaada la Marekani la Millennium Challenge, dola milioni 110. Mwaka 2003 alisimama mbele ya mkutano wa dunia wa hifadhi kule Durban akaahidi kuongeza maeneo ya hifadhi mara tatu, kutoka hekta milioni 1.7 mpaka milioni 6, na kila mtu akapiga makofi. Uchumi ulikuwa unakua vizuri tu mpaka 2008. Anayesema mfanyabiashara hawezi kuongoza nchi, Ravalomanana si mfano wake mzuri, na mimi sisemi hivyo.

Ila alikuwa na haraka ya bosi. Bosi akiamua asubuhi, jioni imefanyika. Mwaka 2003 serikali yake ikaondoa kodi kwenye bidhaa nyingi zinazotoka nje ili eti uwekezaji na matumizi vichangamke, bidhaa zikaingia kwa fujo, kila mwenye mtaji anatafuta dola, na miezi ya mwanzo ya 2004 hela yao ya wakati huo, faranga ya Malagasi, ikaporomoka karibu nusu ya thamani yake. Juu ya hapo vimbunga vikapiga, bei ya mchele ikapaa, na mchele kule si wa sikukuu, ni chakula cha asubuhi mchana na jioni. Januari 2005 wakaanza kutumia ariary badala ya faranga. Kwenye kampuni ukikosea bei unapata hasara wewe na wanahisa wako, mwezi unaofuata unarekebisha, lakini hapa hasara ililiwa na mama anayenunua vikombe viwili vya mchele sokoni Analakely, pale Antananarivo, na ambaye hakuwahi kuulizwa.

Bado hilo si kubwa, hata maprofesa wa uchumi wanakosea. Kubwa ni kwamba alipoingia Ikulu duka hakuliacha. Tiko iliendelea, ikapanuka, na malalamiko ya wafanyabiashara wenzake yakawa yaleyale mwaka hadi mwaka, kwamba kampuni ya rais inapendelewa kwenye kodi na kwenye zabuni, na ukiingia kwenye biashara ambayo Tiko imeitamani jiandae.

Hapa naomba nieleze kwa jicho la muuza mafuta maana wengi wanaona hii ni habari ya wakubwa. Mimi faida yangu kwenye dumu la lita 20 ni ndogo sana, siku nyingine ni elfu moja, siku nzuri elfu mbili, kinachoniweka mjini ni kuuza madumu mengi. Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma mwezi wa sita sisi wa Kariakoo tunakaa simu mkononi, kwasababu ushuru wa mafuta ghafi ukiguswa kidogo tu au wa yaliyosafishwa ukipanda, kesho yake asubuhi mwagizaji ameshabadilisha bei, na aliyekuwa na mzigo stoo analala tajiri na aliyekuwa anasubiri meli analala na presha. Asilimia chache tu zinatosha. Sasa fikiria anayeamua hizo asilimia naye ana mafuta yake sokoni, ana kiwanda, ana maghala, na jina lake liko kwenye chupa. Hata asipopendelea chochote, hata akiwa malaika, nani ataingiza mtaji wake kushindana naye? Mwenye benki ataniambia nini nikienda kuomba mkopo wa kushindana na rais? Afisa wa kodi akikuta kasoro kwenye makaratasi ya kampuni ile ataandika au atafunga faili? Ushindani unakufa bila mtu yeyote kutoa amri, na ndio maana sisi wafanyabiashara tungekuwa wa kwanza kuogopa jambo hili badala ya kulishabikia. Refa hawezi kupuliza filimbi na papo hapo akapiga penati.

Mwaka 2008 mambo yakazidi. Ikanunuliwa ndege ya rais, Boeing 737, dola milioni 60, kwenye nchi ambayo watu wengi wanaishi chini ya dola mbili kwa siku, na mwisho wa mwaka wafadhili wakashikilia misaada ya bajeti wakitaka maelezo ya ile ndege na ya jinsi mali ya rais na mali ya serikali zilivyochanganyikana. Novemba hiyohiyo gazeti la Financial Times likatoa habari ya dili la Daewoo Logistics ya Korea Kusini, hekta milioni 1.3 za ardhi kwa miaka 99, walime mahindi na michikichi, karibu nusu ya ardhi yote ya kilimo ya kisiwa. Serikali ikasema bado haijasaini moja kwa moja, ni utafiti tu wa maeneo. Lakini Mmalagasi kwake ardhi ndiko walikozikwa mababu, mtu akifia mbali anarudishwa kwenye kaburi la ukoo hata kwa gharama ya ng'ombe wote wa familia, na wananchi habari hii wanaipata kutoka gazeti la London. Si bungeni, si redio ya taifa. Kwenye kampuni dili linafichwa mpaka lisainiwe, ni kawaida, hata mimi simwambii jirani yangu nimeagiza kontena ngapi. Lakini ukiwa rais, ardhi ya nchi si yako peke yako.

Nafika kwenye vyombo vya habari, na hapa ndipo nataka wewe Mhariri na wenzako mnisikilize sana.

Ravalomanana aliingia madarakani akiwa na MBS, na akiwa rais akawa na MBS yake pamoja na redio na tivii ya taifa. Kwahiyo mwananchi akiwasha ya serikali anasikia upande wa rais, akiwasha ya rais anasikia upande wa rais. Mtu atasema Ratsiraka naye aliifanya redio ya taifa kuwa yake, ni kweli kabisa, lakini watu walimtoa Ratsiraka ili hayo yaishe. Waandishi wa magazeti walijitahidi, ila magazeti ya Antananarivo hayafiki vijijini, kule ni redio tu. Na mtu mwenye redio anajua nguvu ya redio kuliko mtu mwingine yeyote, ndio maana hata ya mwenzake anaiogopa.

Mwenzake alikuwepo. Kijana mmoja anaitwa Andry Rajoelina, naye mfanyabiashara, alianza na kupiga disko akaingia kwenye kampuni ya mabango ya matangazo, naye akawa na redio na tivii inaitwa Viva. Desemba 2007 akamshinda mgombea wa chama cha rais akawa meya wa Antananarivo, yaani njia ileile aliyopita Ravalomanana, meya mwenye tivii. Mwaka mmoja baadae, Desemba 2008, Viva ikarusha intavyuu ya Ratsiraka akiwa uhamishoni Ufaransa, na serikali ikaifunga ikisema intavyuu ile inaweza kuvuruga amani na usalama.

Intavyuu! Mzee aliyeshindwa miaka sita iliyopita, yuko Paris, anaongea kwenye kamera. Ingeachwa ingesahaulika kabla ya Krismasi. Ilivyofungwa, Rajoelina akapata hoja, akaanza kukusanya watu uwanjani kudai kituo chake kifunguliwe, na kila aliyekuwa na lake likamtoka hapohapo, wa mchele ghali, wa ardhi ya Daewoo, wa ndege, wa biashara iliyouawa na Tiko, wote wakakutana uwanja mmoja kwasababu hakukuwa na sehemu nyingine ya kusemea.

Tarehe 26 Januari 2009, wenyewe wanaiita Jumatatu Nyeusi, umati ukaichoma redio na tivii ya taifa, kisha ukaichoma MBS, kisha ukaenda kwenye maghala ya Tiko na Magro. Mimi kama mtu wa ghala picha zile hazijanitoka mpaka leo, watu wanatoka na viroba vya mchele kichwani, katoni za mafuta, wengine wamebeba mpaka mabati, na nyuma yao moshi. Kuna watu waliungua humohumo ndani ya maduka, miili ikapatikana kesho yake. Wale hawakuwa wanatofautisha ghala la mtu binafsi na ofisi ya serikali, na wangetofautishaje wakati mwenyewe miaka saba hakuwahi kutofautisha? Hasira ya kodi, ya ardhi na ya habari yote ilikuwa na anwani moja. Wafanyakazi wa kawaida wa Tiko, wapakiaji, madereva, dada wa kaunta, wakaamka hawana kazi kwa kosa ambalo si lao.

Februari 7 walinzi wa Ikulu wakafyatulia risasi waandamanaji pale kwenye kasri la rais la Ambohitsorohitra, wakafa karibu watu 30, mmojawao mwandishi wa habari wa tivii aliyekuwa kazini. Machi kambi ya jeshi ya CAPSAT ikaasi, na tarehe 17 Machi 2009 Ravalomanana akajiuzulu akaondoka, Rajoelina akashika nchi akiwa na miaka 34. Sisemi kufungwa kwa Viva peke yake kuliangusha serikali, jeshi lilikuwa na yake na wakubwa wa nje walikuwa na yao, ila ukimuuliza mtu aliyekuwa pale fujo zilianzia wapi atakutajia kituo cha tivii.

Na aliyeingia kwa kilio cha kufungiwa kituo naye alifanya nini? Alifuta dili la Daewoo, hilo apewe. Halafu vituo vya upande wa Ravalomanana, Radio Mada na MBS, vikafungwa. Mwaka 2010 ikafungwa Radio Fahazavana, redio ya FJKM, kanisa kubwa la Kiprotestanti kule. Mchezo uleule, mikono mingine. Marekani nayo ikaiondoa Madagaska kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, kuanzia 2010 kwasababu ya mapinduzi, viwanda vingi vya nguo vya Antananarivo vikafunga, maelfu kwa maelfu ya mafundi cherehani, wengi akina mama, wakarudi mtaani. Na sisi Watanzania tulishiriki kuzima huo moto, Desemba 2012 viongozi wa SADC walikutana hapahapa Dar es Salaam, Rais Kikwete akiwa anasimamia troika, yaani kamati ya nchi tatu, ya ulinzi na usalama, wakawasihi wote wawili wasigombee, na baada ya vutavuta nyingi uchaguzi wa 2013 ukafanyika bila majina yao.

Rajoelina akarudi kwa kura 2018 akimshinda Ravalomanana huyohuyo. Wengi hapa nyumbani walimjua 2020 alipokuwa anakunywa ile dawa ya mitishamba ya korona mbele ya kamera, na serikali yetu ikatuma ndege kwenda kuichukua. Mtu wa mabango haachi mabango, rais anasimama anatangaza chupa kabla watafiti hawajamaliza kazi yao. Septemba 2025 vijana wakaingia barabarani kwasababu ya maji na umeme, vitu viwili tu ambavyo nchi yoyote inatakiwa kuwa navyo, Oktoba kambi ileile ya CAPSAT ikajiunga nao, rais akakimbia na jeshi likashika nchi. Miaka 16, wafanyabiashara wawili wenye tivii, wote wametolewa na barabara na kambi moja.

Sasa wanaotaka rais mfanyabiashara wasinielewe vibaya, simkatazi mtu mwenye kiwanda kugombea, nchi inahitaji watu wanaojua gharama ya kuchelewesha kontena bandarini na maana ya mkopo wa riba kubwa. Ninachosema ni kwamba sisi huwa tunauliza maswali yasiyo na kazi, tunauliza ana hela kiasi gani, atatuletea wawekezaji, ni mkali? Hatuulizi siku ya pili baada ya kuapishwa kampuni itakuwa chini ya nani, na huyo nani ni mke wake, mtoto wake, au mtu ambaye hata hawajuani. Hatuulizi misamaha ya kodi itakayosainiwa itachapishwa wapi ili hata mimi wa Kariakoo niione nani kasamehewa na kwa nini. Na kama ana redio au tivii hatuulizi kabisa, tunaona ni jambo la fahari.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa wazi kabisa, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, na 1991 kule Zanzibar masharti yale yakalegezwa. Siombi yarudi yote, dunia imebadilika na hakuna atakayekubali. Tangu 1995 tuna sheria ya maadili na viongozi wanajaza fomu za mali zao kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ni vizuri, ila Ravalomanana hata angejaza fomu mia moja zisingesaidia kitu, kila Mmalagasi alikuwa anajua ana nini. Tatizo halikuwa siri ya mali, tatizo lilikuwa mali na mamlaka kukaa kwenye meza moja, na kwenye hilo sisi hatuna sheria yenye meno ya kumwambia rais ajaye auze au akabidhi.

Ombi langu kwenu wahariri ni dogo na mnaweza kulianza hata wiki hii. Kila mwenye biashara anayetangaza nia ya kugombea, ngazi yoyote, wekeni pembeni ya picha yake orodha ya kampuni alizonazo na vyombo vya habari alivyonavyo au vya ndugu zake, si kwa kumtukana, ni taarifa tu kama mnavyoweka umri na elimu. Kituo cha mpinzani kikifungiwa, gazeti la mpinzani likisimamishwa, liandikeni ukurasa wa kwanza hata kama mwenye kituo ni mtu msiyempenda na alikuwa mshindani wenu wa matangazo, maana mkinyamaza cha mwenzenu kikifungwa, siku yenu ikifika mtajikuta hamna wa kuwasemea. Na ili mpate nguvu ya kuwauliza wengine, chapisheni majina ya wenye hisa wa gazeti lenu, kila toleo, palepale chini panapoandikwa namba ya simu ya chumba cha habari.

Wenu msomaji wa kila siku,
Mfanyabiashara wa jumla, Kariakoo, Dar es Salaam